Siku ya Kuuzwa Ng'ombe

Liweke dume la miaka mitatu mbele ya watu wawili, meneja wa ranchi na mzee wa Kimasai. Meneja atasema liuzwe wiki hii. Kilo zimetimia, nyama bado laini, na kuanzia hapo kila mwezi litakaokaa malishoni litamaliza nyasi ambazo zingewafaa wadogo zake. Mzee atasema bado. Mvua ya mwaka huu ni nzuri, hakuna mtoto anayeingia kidato cha kwanza, na mahari imeshalipwa. Kwa nini ageuze kuwa noti kitu kinachojiongeza chenyewe? Atalihasi, aliache liwe maksai, aliuze siku shida itakapobisha hodi, hata kama ni miaka minne baadaye.

Wote wawili wamepiga hesabu, na hesabu zote mbili ni sahihi. Karne nzima ya biashara ya ng'ombe wa nyama Afrika Mashariki imekuwa mvutano juu ya nani apange siku hiyo. Serikali, viwanda na wafadhili wamejaribu kumpangia mzee kwa nguvu, kwa uzio, kwa mikopo na kwa semina. Mara nyingi wameshindwa, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni kwamba walimdhania hajui kuhesabu.

Ng'ombe wenyewe ni wageni wa zamani. Mifupa iliyofukuliwa kandokando ya Ziwa Turkana inaonyesha kuwa walifika huko yapata miaka 5,000 iliyopita, na kufikia miaka 3,000 iliyopita walikuwa wameenea katika nyanda za kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Hao wa kwanza hawakuwa na nundu. Wenye nundu, yaani zebu, waliingia baadaye kutoka Asia kupitia Pembe ya Afrika, wakachanganyika na wenyeji. Kutokana na mchanganyiko huo tukapata zebu wa pembe fupi, ambao hadi leo ndio sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa Tanzania. Ni mdogo, mzoga wake mara nyingi ni kati ya kilo 100 na 150, na wataalamu wamemsimanga kwa udogo huo tangu enzi za Wajerumani. Lakini anaishi pale ambapo Hereford wa Uingereza, bila josho na bila mganga wa mifugo, huenda asiumalize msimu mmoja.

Ng'ombe wa nyama aliyelipatia eneo hili jina duniani, hata hivyo, hakutengenezwa na mtaalamu yeyote mwenye cheti. Alitengenezwa na Waborana wa nyanda kavu za kusini mwa Ethiopia. Huko maji yako chini sana. Visima vyao vya kale vimechimbwa ndani ya mwamba, na vijana husimama kwa ngazi, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo huku wakiimba ili mikono isipotezane. Wakati wa kiangazi ng'ombe hunyweshwa siku moja katika tatu. Katikati ya siku hizo hutembea mbali kutafuta majani na kurudi kisimani siku yake ikifika. Asiyeweza mwendo huo hufa, na hafi yeye tu, bali hata ukoo ambao angeuzaa.

Juu ya mchujo huo wa ukame, Waborana waliongeza mchujo wao. Fahali wa mbegu hakuchaguliwa kwa umbo lake pekee. Walimwangalia mama yake: je, alikuwa na maziwa ya kutosha familia na ndama pia? Je, alizaa mara kwa mara, na katika mwaka mbaya alikonda kiasi gani? Madume mengine yalihasiwa. Kwa maneno ya leo, hiyo ni kupima uwezo wa ukoo wa kike kabla ya kumruhusu dume kupanda, jambo ambalo mashamba mengi yenye kompyuta hulisahau yanapoduwazwa na mabega mapana ya fahali. Matokeo yake ni ng'ombe mwenye ngozi nene iliyolegea, inayocheza nzi anapotua, mwenye manyoya mafupi yasiyompa kupe pa kujificha, mpole kulala zizini usiku na mwepesi kurudisha mwili mvua ikinyesha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wa Kisomali waliwaswaga ng'ombe hao kuelekea kusini, hadi Laikipia na nyanda za juu za Kenya, wakawauzia walowezi wa Kizungu. Ila kabla ya kufika kwa walowezi, lazima tuzungumzie sotoka, tauni ya ng'ombe, kwa sababu bila sotoka ardhi ile isingeonekana tupu.

Sotoka iliingia Eritrea mwaka 1887 pamoja na ng'ombe waliotumiwa na jeshi la Italia. Ikashuka kusini haraka kuliko msafara wowote. Kufikia 1890 na 1891 ilikuwa Umasaini na kandokando ya maziwa makuu, na mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi. Mahali pengi iliua ng'ombe tisa kati ya kumi. Oscar Baumann, msafiri wa Austria aliyepita nchi ya Wamasai wakati huo, aliwakuta watu wakifa kwa njaa karibu na kambi yake. Nyati na nyumbu walikufa pia. Palipokosa ng'ombe wa kula majani na watu wa kuchoma vichaka, pori lilirudi, na baada yake mbung'o. Sehemu nyingi za Tanganyika ambazo Wajerumani na Waingereza waliziona kuwa pori la asili zilikuwa malisho ya watu kizazi kimoja tu kabla.

Walowezi walifika katika nchi iliyojeruhiwa hivyo. Mlowezi Lord Delamere alipata ardhi Njoro mwaka 1903, akapoteza mali nyingi kwa magonjwa aliyokuwa hayajui. Kwa makubaliano ya mwaka 1904 na ya 1911, Wamasai waliondolewa Bonde la Ufa la kati, kisha Laikipia, wakapelekwa kusini ambako kupe walikuwa wengi na ugonjwa wanaoueneza, ndigana kali, ulikuwa umetamalaki. Ole Njogo na Wamasai wenzake walifungua kesi mwaka 1913 na wakashindwa: mahakama ilisema makubaliano yale ni mkataba wa mataifa mawili, hivyo haiwezi kuugusa. Ranchi nzuri za Laikipia zilizomfanya Boran, ng'ombe yule wa Waborana, awe maarufu zimesimama juu ya hukumu hiyo. Sisemi hili ili kuwanyima sifa wafugaji waliofanya kazi yao vizuri, na waliifanya. Walijaribu kumpandisha Boran kwa Shorthorn na Hereford, wakaona chotara anavyolemewa na ukame, wengi wakarudi kwa Boran halisi. Mwaka 1951 wakaunda chama chao cha kuandikisha koo. Baadaye viinitete vya Boran vilisafirishwa hadi Australia na Afrika Kusini, na huko akapendwa sana. Walioanza kazi kule visimani hawakupata senti katika mauzo hayo.

Ndigana kali nayo ina historia ya biashara. Baada ya sotoka, nchi za kusini mwa Afrika zilihitaji ng'ombe wapya, na mnamo 1901 baadhi walinunuliwa pwani ya Afrika Mashariki na kushushwa bandarini Beira. Walikuja na kupe wao. Ng'ombe wa Rhodesia wakaanza kufa, na mwaka 1903 mwanasayansi Robert Koch mwenyewe akaitwa Bulawayo kuchunguza. Ndiyo maana hadi leo vitabu vya Kiingereza vinauita ugonjwa huo homa ya pwani ya mashariki, kana kwamba pwani yetu ndiyo iliyouumba.

Magonjwa yaliwapa wakoloni chombo kingine, nacho ni karantini. Nchini Kenya maeneo ya wafugaji wa Kiafrika yalikaa chini ya karantini kwa miaka mingi mfululizo. Sababu ilikuwa homa ya mapafu na sotoka, na magonjwa hayo yalikuwepo kweli. Lakini kamba iliyozuia ugonjwa ilizuia pia ng'ombe wa bei nafuu wasishindane na wa walowezi. Mfugaji hakuruhusiwa kuuza nje ya eneo lake, kisha akalaumiwa kwamba anapenda kulimbikiza. Lawama hiyo ilipata jina la kitaalamu, ikaingia vitabuni, na nimewahi kuisikia ikirudiwa mkutanoni na watu wenye shahada mbili.

Ukambani ndiko lawama hiyo ilikofika mwisho wake. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimechunika kwa mmomonyoko. Serikali haikutaka kugusa suala la ardhi iliyokuwa imechukuliwa na walowezi, kwa hiyo ikaamua kwamba tatizo ni idadi ya ng'ombe. Wakati huohuo kampuni ya Liebig, iliyokuwa imetajirika kwa kutengeneza rojo ya nyama huko Fray Bentos nchini Uruguay, ilikuwa ikifungua kiwanda Athi River. Kiwanda cha namna hiyo hakihitaji ng'ombe mnono. Kinataka ng'ombe wengi, wakavu, wa bei ya chini, wachemshwe na kutiwa koponi. Mambo mawili yakakutana: serikali ina ng'ombe wa kupunguza, kiwanda kina tumbo la kujaza. Mwaka 1938 ng'ombe wa Wakamba walianza kukamatwa, kupigwa chapa na kunadiwa kwa bei ya kutupa.

Mwezi wa Julai maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walitembea kutoka Machakos hadi Nairobi na kupiga kambi Kariokor. Waliongozwa na Muindi Mbingu na wenzake wa chama cha Ukamba Members Association. Hawakuvunja kitu. Walikaa tu, wiki baada ya wiki, wakisema watazungumza na Gavana na si mtu mwingine. Serikali iliingiwa na wasiwasi mkubwa kuliko inavyoonekana katika barua zake, kwa sababu askari wengi wa jeshi na polisi walikuwa Wakamba, na baba zao ndio waliokuwa wamekaa pale chini. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini kabla mwaka haujaisha upunguzaji wa lazima ukasitishwa. Siku hizi mtaa wenye jina lake unapita mbele ya Soko la Jiji la Nairobi, ambako mabucha yamepangana na wauzaji humwita kila mpitanjia aje achague nyama. Sijui kama waliouita mtaa huo jina lake waliliwaza jambo hilo.

Vita vya Pili vya Dunia vilirudisha nguvu kwa mlango wa nyuma. Jeshi lilihitaji nyama, na machifu walipangiwa idadi ya ng'ombe wa kutoa, Kenya na Tanganyika pia. Vita vilipokwisha, viwanda vikajengwa juu ya mazoea hayo. Dar es Salaam kikaanzishwa kiwanda cha Tanganyika Packers huko Kawe mwaka 1947, serikali na Liebig wakishirikiana hisa. Kenya ikaanzisha Kenya Meat Commission (KMC) mwaka 1950 na kuirithisha kiwanda cha Athi River. Ng'ombe wa Usukuma na Ugogo walitembezwa kwa njia maalumu zenye malambo na vituo vya kupumzikia, au wakapakiwa kwenye mabehewa ya reli ya kati. Walipofika walikuwa wamepungua kilo nyingi, na aliyelipia kilo hizo zilizopotelea njiani ni yule aliyewauza mwanzo, kwa sababu mnunuzi alishazikata katika bei.

Ranchi za Tanzania zina chanzo cha ajabu kidogo. Mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka pori la Kongwa ili kulima karanga za kuwapatia raia wao mafuta. Mvua haikuwa ya kutosha, udongo ulikauka ukawa mgumu, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umezikwa pamoja na takriban paundi milioni 36. Kilichobaki ni eneo lililosafishwa, nyasi, na mbung'o waliopungua. Ng'ombe wakawekwa. Ranchi ya Kongwa ikawa mahali pa kuzalisha madume ya Boran ya kusambazwa kwa wafugaji, kazi ambayo karanga hazikuikaribia kwa manufaa. Jirani yake, katika kituo cha Mpwapwa kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905, watafiti walichanganya zebu wa nchi na Sahiwal, Red Sindhi, Boran na damu kidogo ya Ulaya hadi wakapata aina inayoitwa Mpwapwa. Ni ng'ombe mzuri wa maziwa na nyama kwa nchi kavu, lakini wamebaki wachache kwa sababu kila utawala mpya ulipenda mradi wake mpya.

Baadaye serikali ikaunda kampuni ya NARCO kusimamia ranchi za taifa: Ruvu, Mkata, Kongwa, Mzeri, Missenyi, Kalambo na nyinginezo, nyingi zikijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Mpango ulikuwa wa kuvutia kwenye karatasi. Mitamba wapandwe wakifika uzito unaofaa, ndama waachishwe kunyonya wakiwa na miezi saba au minane, madume yahasiwe, na maksai waingie sokoni wakiwa na miaka mitatu hadi minne. Kenya nayo mwaka 1968 ikapitisha sheria ya ranchi za vikundi, ikitumaini kwamba Mmasai akipewa hatimiliki ya pamoja atapunguza ng'ombe na kuwauza wakiwa wadogo. Alichukua hati, akachukua josho na lambo, akaendelea kuuza kwa kalenda yake. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi za vikundi zikagawanywa viwanja.

Lanet, karibu na Nakuru, walijaribu njia nyingine mwishoni mwa miaka ya 1960: kununua ng'ombe wa kaskazini waliokonda, kuwafungia na kuwalisha mahindi mpaka wanone. Kitaalamu ilifaulu. Boran alinenepa upesi, na nyama yake iliuzwa nje. Kisha katikati ya miaka ya 1970 mahindi yakapanda bei, na hesabu ikaanguka. Katika nchi ambayo watu wanakula ugali, ng'ombe anayekula mahindi ana mshindani mezani. Huko Galana, ranchi ya zaidi ya ekari milioni moja nyuma ya pwani ya Kenya, watafiti walishughulikia swali lingine. Walilinganisha Boran wa ranchi na ng'ombe wa Waorma wa Mto Tana, ambao ni ndugu zao walioachwa kuishi kati ya mbung'o. Wa Waorma waliambukizwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, mara chache zaidi na kuistahimili vizuri zaidi. Mfugaji asiye na sindano alikuwa amechagua kinga bila kuiona. Galana yenyewe baadaye iligeuziwa macho kwa kilimo, na mwaka 2014 ukaanza mradi mkubwa wa mahindi ya umwagiliaji.

Viwanda vilianguka kwa sababu isiyohitaji kamati ya uchunguzi. Kiwanda cha umma kinanunua kwa bei iliyopangwa ofisini na kinalipa kikipata fedha. Dalali anatoa noti pale pale kwenye vumbi la mnada. Mfugaji aliyetembeza ng'ombe siku kumi kwa sababu mtoto amefukuzwa shule hawezi kusubiri hundi ya miezi mitatu. KMC ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikafunguliwa tena 2006, na mwaka 2020 ikakabidhiwa Wizara ya Ulinzi. Katika ukame wa 2009 wafugaji waliletwa na njaa hadi lango lake la Athi River, wakiwa na ng'ombe wasioweza kusimama. Hiyo nayo ni siku ya kuuza, iliyopangwa na ukame, na ndiyo mbaya kuliko zote. Tanganyika Packers ilikufa pia. Wengi wa wakazi wa Dar es Salaam leo wanalijua jina hilo kama viwanja vya Kawe vya mpira na mikutano ya injili.

Kilichobaki ni mnada, nao unafanya kazi kuliko unavyosifiwa. Ng'ombe wa Shinyanga au Singida huuzwa kwanza kwenye mnada wa awali kijijini, akaingia wa upili, kisha akapakiwa lori hadi Pugu, na kutoka hapo Vingunguti au machinjio mengine ya jiji. Bei hupangwa kwa macho. Mnunuzi mzoefu hutazama mgongo, nyonga na mzizi wa mkia, akakadiria mzoga, na hakosei kwa kilo nyingi. Mizani ikiwepo, mara nyingi haitumiwi, na si mfugaji anayefaidika na kutotumiwa kwake. Usukumani umeota unenepeshaji wa wenyeji wenyewe: mtu ananunua maksai waliokonda mwishoni mwa kiangazi, anawafungia karibu na viwanda vya kuchambua pamba, anawapa mashudu na maganda ya mbegu za pamba kwa miezi miwili au mitatu, na kuwauza. Ni wazo lile lile la Lanet, ila linatumia chakula ambacho hakuna binadamu anayekitaka, na hakuna mfadhili aliyelileta.

Soko la nje limebaki finyu. Ugonjwa wa miguu na midomo unafunga mlango wa Ulaya, na nyati wetu wa hifadhini hubeba virusi bila kuugua. Botswana iliupata mlango huo kwa kuweka nyuzio za maelfu ya kilomita kuanzia miaka ya 1950, nyuzio zilizoua nyumbu wengi. Nchi zinazoishi kwa utalii wa nyumbu wanaohama haziwezi kuiga hilo hata zikitaka. Ghuba hununua, lakini nyama nyingi inayopaa kwenda huko ni ya mbuzi na kondoo. Na homa ya Bonde la Ufa inapozuka, kama ilivyotokea 2006 na 2007, hata mlango huo hufungwa.

Jambo lililobadilisha hesabu ya mzee zaidi ya kiwanda na ranchi lilitoka kituo cha utafiti cha Muguga, nje kidogo ya Nairobi. Hapo ndipo Walter Plowright na wenzake, kuanzia miaka ya 1950, walitengeneza chanjo ya sotoka iliyoweza kuzalishwa kwa wingi na kutoa kinga ya maisha. Mara ya mwisho ugonjwa huo kuthibitishwa popote duniani ilikuwa kwa nyati wa Hifadhi ya Meru mwaka 2001, na mwaka 2011 ukatangazwa kuwa umetokomezwa. Muguga hapo hapo, miaka ya 1970, walipata njia ya kuchanja ndigana kali: ndama anadungwa vimelea hai vya aina tatu vilivyogandishwa kutoka kwa kupe, na papo hapo anadungwa dawa ya kuvizuia visimuue. Ni chanjo ghali na ngumu kubeba, maana inahitaji naitrojeni ya kimiminika hadi porini. Wataalamu wengi walisema mfugaji wa asili hatailipia.

Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania waliilipia, kwa fedha zao, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na sasa ndama waliochanjwa ni mamia ya maelfu. Kila mmoja hupewa hereni sikioni, na mnadani mwenye hereni hupata bei nzuri zaidi kuliko asiye nayo. Kabla ya hapo, katika baadhi ya sehemu, ndigana kali iliua zaidi ya nusu ya ndama. Mtu anayetarajia kubakiwa na ndama wanne kati ya kumi hauzi dume la miaka mitatu, kwa sababu lile dume ndilo bima ya wale ambao hawajafa bado. Akijua tisa watapona, hoja ya meneja wa ranchi inaanza kumwingia bila kuhubiriwa. Kinachomzuia sasa ni kitu kingine. Ndama wanaopona wanahitaji nyasi, na nyasi hizo ziko katika ardhi ambayo mwaka hadi mwaka inapimwa kwa ajili ya mashamba, hifadhi na vitalu vya uwindaji. Wakaguzi wa malisho wakija na mipango mipya ya kupunguza mifugo, mzee atawauliza kwanza ni eka ngapi zitabaki, na kisha ndipo atazungumza nao juu ya kuuza.